Cheo ni Dhamana: Meja, Jenerali na Mama wa Wana wa Zebedayo



Kila tarehe 25 Julai nchi yetu inafanya mambo mawili kwa siku moja, na wengi wetu hatujawahi kuyaweka pamoja. Serikali inaadhimisha Siku ya Mashujaa: tarumbeta, mashada ya maua, silaha za jadi zikiwekwa kwenye mnara, na wazee waliopigana vita wameketi na medali zao vifuani. Siku hiyohiyo Kanisa linaadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Yakobo Mtume, na Injili inayosomwa ni Mathayo 20:20-28. Mnaikumbuka? Mama anakuja kwa Yesu na wanawe wawili, anapiga magoti, anaomba vyeo. Mmoja akae kulia, mwingine kushoto.

Zamani nilikuwa namcheka kidogo yule mama. Nilimwona kama wale wazazi wanaomfuata mwalimu mkuu ofisini wakitaka mtoto wao awe kaka mkuu. Mpaka Julai moja nilipotumwa kwa kazi ya kichungaji kwenye parokia moja huko milimani Upare. Huko niligundua kwamba yule mama anakaa moyoni mwangu, na halipi kodi.

Matope ya ndiva

Anayeijua Same anajua jinsi njia inavyobadilika. Pale mjini, kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, kuna upepo, vumbi na ukame, na Hifadhi ya Mkomazi ni jirani tu. Ukipanda milimani, baridi inakupokea, migomba inaanza, na kuna mashamba ya tangawizi. Kinachofanya mashamba yale yaishi ni maji, na Wapare wana akili ya maji tangu enzi za mababu. Wanachimba bwawa dogo juu ya shamba, wanaliita ndiva. Kijito kinalijaza usiku, asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka kwa mifereji, kila mtu kwa zamu yake. Huwezi kuwa na ndiva peke yako. Na ndiva ikijaa matope, lazima watu watoke kuichimbua, bila kujali nani ni nani.

Nilifika wiki moja kabla ya kazi hiyo. Nilikuwa nimemaliza falsafa, shahada bado inanukia wino. Nilikuwa na kanzu mpya nyeupe ambayo dada yangu aliishona kwa fedha za vikoba. Watu waliponiita "Frateri" na kuniletea kiti, jamani, sitasema uongo, nilisikia raha.

Siku ya kuchimbua, msimamizi wa zamu alikuwa kijana wa miaka 22 hivi, mnyamavu, daftari mkononi. Alikuwa anaita majina na kuwapanga watu. Akafika kwa mzee mmoja ambaye kijiji kizima kinamwita Meja, kwa sababu ndicho cheo alichostaafu nacho jeshini. Mtu wa miaka sabini na kitu, mgongo umenyooka kama mti wa bendera.

"Babu Meja, shikamoo. Leo wewe uko upande wa matope."

Mzee akavua viatu, akavipanga pembeni kwa unadhifu, akakunja suruali. "Marahaba. Ndiyo, afande."

Watu wakacheka, naye akacheka, akaingia matopeni mpaka magotini. Kijana akafika kwangu. Akaniangalia mimi, akaiangalia kanzu. "Frateri, na wewe una zamu?"

Nikamjibu, "Mimi nitaongoza sala ya kufunga."

Hakuna aliyenisema. Kijana aliandika kitu kwenye daftari, akaendelea na wengine. Nilisimama ukingoni saa tatu nzima nikiwa msafi kabisa, na sijawahi kujisikia mchafu namna ile.

Kofia juu ya msumari

Jioni Meja aliniita kwake kunywa chai ya tangawizi. Nyuma ya mlango, juu ya msumari, ilining'inia kofia yake ya jeshi, haina vumbi hata kidogo. Nikamuuliza kama anaitunza kwa ajili ya kumbukumbu.

"Ile kofia haikuwa yangu, Frateri," akasema. "Nilikabidhiwa. Siku nikistaafu wakaniachia, lakini najua ni ya nani. Ukianza kudhani kofia ni kichwa chako, umekwisha."

Ndipo akaanza kunisimulia vita vya Kagera, na mkuu wake, Jenerali David Musuguri. Wengi wenu mlilisikia jina hilo alipofariki tarehe 29 Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Naomba tukae kwake kidogo, maana maisha yake yana somo ambalo vitabu vyangu vya falsafa vilinipa nusu tu.

Musuguri alizaliwa Butiama mwaka 1920. Mwaka 1942 aliingia King's African Rifles, jeshi la mkoloni, akapelekwa vitani Madagaska. Baada ya vita akawa mkufunzi wa askari wapya huko Kahawa, Kenya. Kwa Mwafrika wa wakati ule ngazi ilikuwa fupi. Unaweza kuwa sajenti hodari kiasi gani, ofisa ni Mzungu. Baadaye Waingereza walianzisha cheo cha effendi kwa Waafrika wachache, naye alikuwa miongoni mwao. Neno "afande" tunalolisema leo limetoka kwenye mzizi huohuo.

Uhuru ulipokuja akapanda. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba tutapigana, Musuguri alikuwa mtu mzima wa miaka 58. Akiwa Meja Jenerali aliongoza Divisheni ya 20 ndani ya Uganda. Machi 1979, kwenye barabara inayokatiza vinamasi vya Lukaya, askari wake walikutana na majeshi ya Amin yakisaidiwa na Walibya. Kwanza vikosi vya mbele vilirudi nyuma, kisha kesho yake mambo yakageuka. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Mwaka uliofuata akawa Mkuu wa Majeshi.

Sasa sikilizeni sehemu ninayoipenda. Mwaka 1988 alikabidhi jeshi kwa Jenerali Ernest Mwita Kiaro, akarudi kwao Butiama. Miaka 46 ndani ya sare. Halafu miaka 36 bila kuwa na mtu wa kumwamuru. Kijijini humohumo alikuwepo mstaafu mwingine, Mwalimu, aliyeacha urais mwaka 1985, ambaye leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Rais na Jenerali, wote wawili wamerudi kijiji kimoja, na nchi inaendelea na watu wengine.

Tunaliona jambo la kawaida, si ndiyo? Si la kawaida hata kidogo.

Mwanafunzi na mwalimu wake

Kati ya askari wapya waliofundishwa na Musuguri kule Kahawa miaka ya 1947 na 1948, mmoja alikuwa kijana mwenye nguvu kutoka Uganda. Jina lake Idi Amin.

Hebu tulia hapo. Gwaride lilelile, buti zilezile, amri zilezile. Na Amin naye alipewa cheo cha effendi. Kwa nje huwezi kuwatofautisha. Lakini mmoja, tarehe 25 Januari 1971, alichukua nchi kwa bunduki. Baadaye akajipa cheo cha Field Marshal, akajifanya rais wa maisha, akajibandika medali mpaka nafasi ikaisha kifuani. Chini yake waliuawa watu wengi mno, akiwemo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki mwenzetu, mwaka 1972, na Askofu Mkuu wa Waanglikana Janani Luwum mwaka 1977. Amin alifia uhamishoni Jeddah mwaka 2003. Hakukabidhi kitu kwa mtu.

Tofauti yao ilikuwa wapi? Si kwenye mafunzo, wala si kwamba mmoja alipenda cheo na mwingine hakupenda. Tofauti ni kwamba mmoja alikiona cheo kama dhamana, mwingine akakiona kama mali. Mwenye dhamana anajua kuna siku ya kurudisha, na aliyejimilikisha lazima aue ili abaki nacho.

Tusijisifu sana lakini. Januari 1964 askari wetu wenyewe waliasi, na ndiyo maana jeshi la zamani likavunjwa na JWTZ likazaliwa tarehe 1 Septemba mwaka huo. Na vita ya Kagera, hata kama ilikuwa ya kujilinda, haikumwacha kila mtu na mikono misafi. Hakuna vita inayofanya hivyo. Simwandiki Jenerali kama mtakatifu. Kutangaza watakatifu ni kazi ya Kanisa. Nasema tu kwamba tangu Sarakikya mpaka leo, wakuu wetu wa majeshi wamepokezana kijiti, na kila aliyekabidhi alikuwa na bunduki za kutosha za kukataa.

Kikombe

Turudi kwenye Injili. Yesu hakumfukuza yule mama, wala hakuwakemea wanawe kwa sababu wanataka kuwa wakubwa. Aliwabadilishia swali. Wao wanauliza habari za kiti, Yeye anawauliza habari za kikombe: je, mnaweza kukinywa? Nao wakajibu haraka kama vijana wanavyojibu, kwamba wanaweza.

Wale kumi waliposikia walikasirika. Kwa nini? Kama wangekuwa wanyenyekevu wangesikitika tu. Walikasirika kwa sababu wamewahiwa. Mimi nimekaa kwenye vikao vya vijana, nawafahamu wale kumi kwa majina.

Ndipo Yesu akawafundisha kwamba watawala wa mataifa huwakandamiza watu, lakini kwao isiwe hivyo. Anayetaka kuwa mkubwa awe mtumishi, kama Yeye alivyokuja kutumikia na kutoa uhai wake kwa ajili ya wengi. Na Yakobo alikunywa kweli kile kikombe. Matendo ya Mitume, sura ya 12, yanasema Herode alimuua kwa upanga. Wa kwanza kati ya wale Kumi na Wawili. Aliomba kiti, akapewa upanga, na leo tunamwita mtakatifu.

Jioni ile kwa Meja ndipo nilipoelewa kikombe ni nini.

Alikuwa luteni kijana Lukaya. Alinieleza giza, tope la kinamasi, sauti za magari, wenzake aliowaacha. Halafu akanyamaza muda mrefu. Akaniambia alikutana uso kwa uso na askari wa upande wa pili, kijana kuliko yeye, karibu kabisa. Mmoja tu alirudi nyumbani.

"Frateri, medali wanakupa kwa uliyoyafanya. Usingizi unaukosa kwa hayohayo."

Basi mimi, msomi, nikafungua mdomo. Nikamweleza Mtakatifu Thoma wa Akwino na masharti yake matatu ya vita ya haki: mamlaka halali, sababu ya haki, nia njema. Nikamweleza kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano unawatambua askari wanaolitumikia taifa vizuri kama watumishi wa usalama na amani. Yote ni kweli, na nayashika. Meja alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akanimiminia chai.

"Hiyo nzuri sana, mwanangu. Lakini nilivyorudi mwaka 1979, nchi inajifunga mkanda, hakuna sabuni, hakuna sukari, nani alikuwa na muda wa kuniuliza ninalalaje? Nilikaa na kitu kile miaka mingi. Nikapanda vyeo nacho. Aliyenitua ni padre mmoja mzee, kwenye kitubio. Hakusema mengi. Malipizi aliyonipa ni kumwombea yule kijana. Jina lake silijui. Namwombea mpaka leo, kila Misa, pale Padre anapowaombea marehemu."

Nilishindwa kunywa ile chai. Kila asubuhi nilikuwa namwona Meja kwenye benchi la tatu, macho yamefumbwa, nikadhani ni mzee anayesinzia. Kumbe yuko zamu. Alistaafu jeshi, lakini zamu ile hajastaafu.

Nikamwomba ruhusa ya kuwaandikia ninyi. Akasema, "Waambie vijana. Ila jina langu mwachie Mungu."

Ofisa asiyestahili

Kuna ofisa mwingine wa jeshi ambaye maneno yake tunayasema sote kila Misa, na mara nyingi tunayapita mbio. Ni yule akida wa Luka sura ya 7, mkuu wa askari mia, ambaye mtumishi wake aliugua. Alimtumia Yesu ujumbe kwamba hastahili Bwana aingie nyumbani mwake, aseme neno tu. Akatoa na sababu: yeye mwenyewe yuko chini ya mamlaka, na chini yake wapo askari anaowaamuru.

Angalieni mpangilio wake. Kabla ya kusema ana watu chini yake, alisema yuko chini ya mtu. Mtu anayejua aliko juu yake hawezi kuwakanyaga walio chini yake. Yesu akastaajabu. Na Kanisa, miaka yote hii, limechukua kauli ya ofisa wa jeshi la kigeni na kuiweka midomoni mwetu kabla ya Komunyo. Papa anaisema, mtoto wa Komunyo ya Kwanza anaisema, Meja anaisema, nami kwenye kanzu yangu naisema.

Siku baada ya cheo

Sasa tuongee sisi kwa sisi. Wewe si jenerali. Lakini ni mwenyekiti wa VIWAWA kigangoni, au kiongozi wa TYCS shuleni, au mwalimu wa kwaya, au admini wa kundi la WhatsApp la Jumuiya, na tunajua admini wengine walivyo. Ninyi mmewaona, nami nimewaona: mtu anaongoza vijana kwa moto, uchaguzi ukipita asichaguliwe, kesho yake haonekani. Anahama kwaya. Anasema "roho haijisikii". Jamani, si roho. Ni kiti.

Ukitaka kujua kama ulikuwa unatumikia au ulikuwa unatawala, usiangalie siku ya kuapishwa. Angalia siku ya kwanza baada ya kukabidhi. Je, unaweza kukaa benchi la tatu na kuwaombea? Je, aliyekurithi, mdogo wako kwa umri na elimu, akikuambia leo uko upande wa matope, utasema "ndiyo, afande"?

Wiki mbili baadaye zamu ya ndiva ilirudi, walikuwa wanamalizia ukingo wa pili. Niliacha kanzu parokiani, nikashuka na fulana ya mpira. Yule kijana mwenye daftari hakusema neno, alinionyesha tu kwa kalamu: pale. Nikaingia. Matope ya Julai milimani Upare ni ya baridi, nisiwadanganye. Baada ya nusu saa viganja vilikuwa na malengelenge. Meja alikuwa kando yangu na jembe lake, akanirekebisha namna ya kulishika. Hakuna aliyenipongeza, na ilikuwa sawa hivyo. Mwishoni kijana aliomba mtu aongoze sala. Akamwomba mama mmoja mjane. Nami nikaitikia Amina kutoka ndani ya shimo.

Kama Mungu akipenda, siku moja Askofu ataniwekea mikono. Nitapewa kanzu nyingine, na watu wataniletea kiti kizuri zaidi. Siku hiyo mniombee nikumbuke ile kofia juu ya msumari.

Ya kutafakari wiki hii

Ni cheo gani nilicho nacho leo, hata kidogo, na nitakikabidhije?

Ni nani mdogo kwangu ambaye ninaona aibu kupokea maelekezo yake?

Ni kitu gani ninakibeba kimya, ambacho dawa yake ipo kwenye kitubio?

Tuombe

Ee Yesu Mtumishi, uliyewauliza wana wa Zebedayo habari za kikombe, utuulize na sisi. Uwapumzishe mashujaa wetu waliolala, na wale waliokufa upande wa pili, ambao majina yao unayajua Wewe. Uwape usingizi wazee wetu waliorudi na vita mioyoni. Na sisi vijana utufundishe kushika cheo kama dhamana, na kukirudisha kwa furaha. Amina.

Mtakatifu Yakobo Mtume, utuombee.